Usipande treni, panda behewa: mwongozo kamili wa kusoma vibao vya S-Bahn ya München hadi uwanja wa ndege

Simu huwa inakuja jioni, na swali huwa ni lile lile: "Kaka, niko sehemu inaitwa Freising. Uwanja wa ndege uko wapi hapa?"

Freising ni mji jirani, na kwenye stesheni yake hakuna uwanja wa ndege. Aliyepiga alipanda treni sahihi, kwa saa sahihi, kwenye jukwaa sahihi. Alikaa behewa lisilo lake tu. Shemeji yangu yalimkuta akiwa na mabegi matatu na saa moja na nusu kabla ya ndege. Kabla yake yalinikuta mimi. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu hatua kwa hatua, kwa ajili ya ndugu wanaoishi München (Munich), Ujerumani, au wanaopita tu, ambao wanaona vibao vimejaa taarifa na bado wanapotea.

Sisi tumezoea kwamba daladala yenye kibao cha Mbagala inakwenda Mbagala yote, kuanzia kiti cha dereva hadi kiti cha mwisho. Hakuna nusu ya daladala inayokwenda Mwenge. Huku ipo.

## Vitu vya kuwa navyo

Simu yenye chaji na bando. Pakua DB Navigator, programu ya shirika la reli la Ujerumani, au programu ya S-Bahn (treni za mjini na vitongoji) yenyewe inayoitwa München Navigator. Hiyo ya pili ina ramani inayoonyesha treni zikitembea, na utaihitaji kwenye hatua ya tatu.

Tiketi inayofika uwanja wa ndege. Kanda za nauli zinaanzia M, yaani mji wenyewe, na uwanja wa ndege uko kanda ya 5. Tiketi ya M peke yake haikufikishi. Tiketi ya karatasi ikiwa imeandikwa "bitte entwerten", igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Isiyogongwa inahesabika kama hukulipa.

Maneno machache ya Kijerumani. Yaandike kwenye karatasi au yapige picha:

- *Gleis*: njia ya reli. Namba yake ndiyo inayokuambia usimame ukingo upi wa jukwaa.
- *ca. 10 Min. später*: itachelewa kama dakika 10.
- *fällt aus*: imefutwa, haiji.
- *Halt entfällt*: treni inakuja, ila kituo kilichotajwa itakipita bila kusimama.
- *Nicht einsteigen*: usipande.
- *Zugteilung*: treni itagawanyika njiani.
- *vorderer Zugteil* na *hinterer Zugteil*: sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma ya treni.
- *Schienenersatzverkehr*, kwa kifupi SEV: mabasi yanayochukua nafasi ya treni.

Ukipenda kubana, kariri mawili tu: *vorderer* mbele, *hinterer* nyuma. Hayo ndiyo yanayowapoteza watu.

## Hatua ya 1: Amua S1 au S8 ukiwa bado nyumbani

Njia mbili zinafika uwanja wa ndege. S8 inapita mashariki: Ostbahnhof, Daglfing, Unterföhring, Ismaning, Hallbergmoos. S1 inapita magharibi na kaskazini: Laim, Moosach, Feldmoching, Unterschleißheim, Eching, Neufahrn. Kutoka Hauptbahnhof, stesheni kuu ya mji, zote mbili huchukua kama dakika 40 hadi 45, kwa hiyo usichague kwa kasi.

Ushauri wangu: kama ni mara yako ya kwanza na una mizigo, panda S8. Haigawanyiki kama S1. Lakini jifunze S1 pia, kwa sababu siku S8 itakapokwama, ndiyo itakayobaki.

Umefaulu ukiwa na namba moja ya njia kichwani na unajua nyingine iko wapi.

## Hatua ya 2: Simama upande sahihi

Watu wengi wanadhani treni mbili zinazokwenda sehemu moja zinaelekea upande mmoja. Hapa sivyo. Katikati ya mji S1 ya uwanja wa ndege inaelekea magharibi na S8 ya uwanja wa ndege inaelekea mashariki. Pale Marienplatz kila upande una ghorofa yake chini ya ardhi. Ukiteremka ngazi zisizo zako utasoma kibao cha kweli kabisa cha safari usiyoikusudia.

Soma kwanza namba ya *Gleis* kwenye programu, kisha itafute juu ya ngazi kabla hujateremka na mabegi.

Jambo moja la Hauptbahnhof na Karlsplatz: njia ya reli ina jukwaa pande zote mbili. Jukwaa la katikati ni la kupandia, yale ya pembeni ni ya kushukia. Treni inafungua milango ya pembeni kwanza, watu wanashuka, kisha inafungua ya katikati. Ukisimama pembeni unasukumana na wanaoshuka bila sababu.

Umefaulu ukiona kwenye kibao cha juu ya jukwaa neno *Flughafen* (uwanja wa ndege) mbele ya namba ya njia uliyoichagua, hata kama treni hiyo ni ya tatu kwenye orodha.

## Hatua ya 3: Soma saa kama Wajerumani wanavyoiandika

Hili ni kosa la pili kwa ukubwa, na linawapata hata waliokaa hapa miaka.

Kibao kinaandika saa ya ratiba. Treni ikichelewa, saa hiyo haibadilishwi. Kinachoongezwa ni maandishi pembeni: *ca. 10 Min. später*. Kwa hiyo ukiona 14:05 na maandishi hayo, treni yako inakuja 14:15. Hesabu unaifanya wewe.

Sasa fikiria umesimama Marienplatz. Saa ya ukutani inaonyesha 14:05. Treni inaingia. Ni dakika ile ile iliyoandikwa, ni jukwaa lile lile, na milango inafunguka mbele yako. Unapanda. Umepanda treni nyingine kabisa.

Kwenye handaki la katikati ya mji njia zote kuu za S-Bahn zinapita reli zile zile, na mitambo inaruhusu hadi treni 30 kwa saa kwa kila upande. Hiyo ni treni moja kila dakika mbili. Saa peke yake haitambulishi treni. Namba ya njia na mwisho wa safari ndivyo vinavyoitambulisha.

Kwenye programu angalia rangi ya muda. Kijani maana yake treni inakwenda karibu na ratiba, nyekundu imechelewa. Muda usio na rangi ni ratiba iliyochapwa tu, hakuna taarifa ya moja kwa moja nyuma yake. Usiuamini kama unavyoamini ule wa kijani.

Na dakika zenyewe ni makadirio. Mfumo unajua treni ilipita wapi mara ya mwisho, unalinganisha na ratiba, kisha unakisia. Treni ikisimamishwa na ishara nyekundu kabla ya handaki, programu inaweza kukuambia "dakika 2" kwa dakika sita. Hapo ndipo ramani ya München Navigator inapofaa: ukiona alama ya treni yako imeganda sehemu moja, zile dakika mbili zichukulie kama maneno ya fundi nguo kabla ya sikukuu.

Umefaulu ukiweza kumwambia mtu aliye pembeni yako: "Hii inayoingia siyo yetu, yetu ni ya pili."

## Hatua ya 4: Usidharau mstari unaotembea

Chini au juu ya kibao kuna maandishi yanayopita polepole. Wengi huyaona kama matangazo. Hapo ndipo yanapoandikwa mambo yatakayokukosesha ndege.

Sababu zinazotajwa mara nyingi ni *Signalstörung* (hitilafu ya ishara), *Weichenstörung* (hitilafu ya makutano ya reli), *Polizeieinsatz* (polisi wako kazini) na *Notarzteinsatz* (daktari wa dharura ameitwa). Sababu usiihangaikie sana. Tafuta mambo matatu: jina la njia yako, neno *fällt aus*, na neno *endet*. Hilo la mwisho linamaanisha treni itaishia kituo kilichotajwa na haitaendelea. Siku handaki likiwa na shida, treni za mashariki huweza kuishia Ostbahnhof, na za magharibi Pasing au majukwaa ya juu ya Hauptbahnhof, njia namba 27 hadi 36, ambako ni mwendo mzuri wa miguu kutoka chini ulikosimama.

Onyo: ukiona *SEV*, ongeza muda mwingi. Mabasi yanajaa, na begi kubwa halikupi kipaumbele.

## Hatua ya 5: Jua treni itakuwa ndefu kiasi gani

S-Bahn ya München inaundwa kwa seti. Seti moja ina urefu wa mita 67 hivi. Seti moja peke yake inaitwa *Kurzzug*, mbili *Vollzug*, tatu *Langzug*. Treni ya seti tatu ina mita 202, inajaza karibu jukwaa zima. Fupi inasimama sehemu tu ya jukwaa, na ukiwa mwisho kabisa utakimbia.

Kilicho muhimu zaidi: ndani ya seti moja kwa kawaida unaweza kutembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Kati ya seti na seti hakuna njia. Ukishapanda seti isiyo yako, hutapita ndani kwenda nyingine. Itabidi ushuke jukwaani na upandie mlango mwingine.

## Hatua ya 6: Soma ubavu wa behewa

Hapa ndipo pa kukaa kwa utulivu, maana hapa ndipo simu za jioni zinapozaliwa.

S1 inatoka mjini kama treni moja. Kibao cha jukwaani kinaandika sehemu mbili: *Freising* na *Flughafen*. Ikifika Neufahrn inakatwa. Sehemu ya mbele inakwenda Pulling na Freising. Sehemu ya nyuma inakwenda uwanja wa ndege.

Msomaji mgeni anaona neno *Flughafen*, moyo unatulia, anapanda mlango ulio karibu. Hajafanya kosa la kusoma. Amesoma kibao cha jukwaa, na kibao cha jukwaa kinazungumzia treni nzima. Yeye hatasafiri na treni nzima.

Fanya hivi:

1. Treni kabla haijafika, jua nyuma ni wapi. Treni ikiingia, kichwa kinapita na mkia unabaki upande ilikotokea. Kwa hiyo sogea kuelekea mdomo wa handaki treni inakotokea. Huko ndiko itakakosimama sehemu ya nyuma.

2. Treni ikishasimama, usitazame tena kibao cha jukwaa. Tazama kibao kidogo chenye taa kwenye ubavu wa behewa lenyewe. Kila seti inaandika mwisho wake. Mbele utaona *Freising*, nyuma utaona *Flughafen*.

3. Soma, kisha panda. Siyo panda, kisha soma.

4. Mlango haufunguki wenyewe kila mara. Kuna kitufe. Kikiwaka, kibonyeze.

Vikipingana, amini cha ubavuni kuliko cha jukwaani. Cha jukwaani kinaeleza mpango wa treni, cha ubavuni kinaeleza chuma unachokanyaga. Kama cha ubavuni kimezimika, muulize abiria: "Flughafen?" huku ukionyesha behewa kwa kidole. Neno hilo moja linatosha, na hakuna atakayekushangaa. Abiria wa S1 wameulizwa swali hilo mara nyingi.

Onyo: treni ikiwa na seti tatu, usikisie mpaka uko wapi. Nimemsikia mtu akisema, "Panda katikati, utakuwa salama." Katikati hakuna usalama wowote. Katikati ni upande mmoja au mwingine, na kibao tu ndicho kinachojua.

Onyo la pili: mlango ukianza kulia na bado hujasoma, wacha. S1 huja kila dakika 20, na S8 iko upande wa pili. Dakika 20 za kusubiri ni nafuu kuliko safari ya Freising.

Umefaulu ukiwa umeona *Flughafen* kwa macho yako kwenye ubavu wa seti uliyopanda. Kibao cha jukwaa hakihesabiki hapa.

## Hatua ya 7: Hakikisha tena ukiwa umekaa

Tazama juu, karibu na mlango. Mabehewa yaliyokarabatiwa yana skrini zinazoorodhesha vituo vinavyofuata, ya zamani yana mstari mmoja wa maandishi. Unatafuta mwisho wa safari, si kituo kijacho. Hadi Neufahrn vituo vya sehemu zote mbili ni vile vile, kwa hiyo kuona "Feldmoching" au "Lohhof" hakukuthibitishii chochote. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa nusu saa kwenye behewa la Freising akiwa na amani kamili.

Sikiliza pia tangazo. Ukisikia *vorderer Zugteil* na *hinterer Zugteil* kwenye sentensi moja, vua vipokea sauti masikioni.

Umefaulu ukiona *Flughafen München* kama jina la mwisho kwenye skrini iliyo juu yako.

## Hatua ya 8: Neufahrn, nafasi yako ya mwisho

Ukigundua hapa kwamba uko mbele, bado hujapotea. Anza kujiandaa Eching, kituo kinachotangulia. Simama, shika mabegi, sogea mlangoni. Treni ikisimama Neufahrn, shuka, tembea jukwaani kuelekea mkia wa treni, pita pale seti zinapoungana, soma ubavu, panda.

Sehemu ya mbele ndiyo inayoondoka kwanza. Hiyo inakupa nafuu kidogo, kwa sababu unayoifuata bado imesimama nyuma. Lakini usiache begi ndani kwa nia ya kulirudia. Kama mko wawili, mmoja ashushe mizigo yote kwanza, ndipo muanze kutembea.

Ukiwa tayari uko nyuma, kaa ulipo. Treni itasimama dakika chache na utaona watu wakikimbia nje ya dirisha. Wewe usikimbie nao. Nimeshuhudia mama mmoja aliyekuwa behewa sahihi akishuka na kuwafuata kwa sababu tu wengi walikuwa wanakimbia, na ikabidi abiria wamrudishe.

Umefaulu ikiwa baada ya Neufahrn skrini inaandika *Flughafen Besucherpark*. Ikiandika *Pulling*, ruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

## Hatua ya 9: Usishuke kwenye "Flughafen" ya kwanza

S1 na S8 zote zinapita *Flughafen Besucherpark* kabla ya kufika. Ni kituo cha bustani ya wageni wanaokuja kutazama ndege. Neno *Flughafen* linatokea, ndege zinaonekana dirishani, mwili mzima unasema tumefika. Mimi hapa nilishuka, nikapanda ngazi na begi la kilo 23, nikajikuta natazama ndege za kale za maonyesho.

Unachokitaka ni *Flughafen München*, kituo kinachofuata. Ndicho cha mwisho, kila mtu anashuka. Kiko chini ya ardhi, katikati ya Terminal 1 na Terminal 2, na lifti ziko jukwaani. Ukishuka Besucherpark kwa bahati mbaya, rudi jukwaani usubiri S1 au S8 inayofuata. Kwa miguu ni mbali na mabegi.

## Kama tayari uko Freising

Usipande treni ya kurudi Neufahrn bila kutazama programu kwanza. Mara nyingi basi namba 635 linakufaa zaidi: linatoka mbele ya stesheni ya Freising na kwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Andika *Flughafen München* kwenye DB Navigator ukiwa umesimama hapo hapo, linganisha basi na treni, chukua kinachofika mapema.

Ndege ikiwa chini ya saa moja na nusu, angalia teksi. Zinasimama nje ya stesheni, na safari ni fupi.

Shemeji alipanda 635. Alinipigia tena akiwa ndani ya basi kuuliza kama hili nalo linagawanyika.